Mali Bila Daftari: Kukusanya na Kuonyesha Sanaa ya Kisasa ya Wamakonde

Mhadhara uliotolewa Mtwara mbele ya walimu, wachongaji, wanafunzi na wananchi



  

Nawashukuru wenyeji wetu kwa kunipa nafasi ya kusema juu ya jambo ambalo wengi wenu mnalijua kwa mikono, nami nalijua zaidi kwa macho na kwa kusoma. Wazee wa Newala, Tandahimba na Kitaya wakisikia nimeteleza, wanisahihishe wakati wa maswali. Nitafurahi.

Kusudi langu nalisema mapema ili anayepinga ajue anapinga nini. Wamakonde wa pande zote mbili za Ruvuma wameipa dunia mojawapo ya sanaa za uchongaji zinazofahamika zaidi barani Afrika, na kutoka kwenye sanaa hiyo imezaliwa michoro inayotafutwa na makumbusho ya Ulaya na Asia. Hapa Mtwara hatuna mkusanyo wa umma unaolingana na sifa hiyo. Vituo vya Makumbusho ya Taifa viko Dar es Salaam, Arusha, Butiama na Songea. Kwa hiyo nasema kwamba wakati umefika Mtwara ianze kukusanya, na kwamba kazi hiyo inaanza kwa daftari kabla ya jengo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nitaitetea kauli hiyo kwa hoja tano.

Hoja ya kwanza: wengine walikusanya kabla yetu, na njia waliyotumia ina mafunzo

Mwaka 1906 Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alishuka Lindi, akasafiri hadi Masasi, Newala na Uwanda wa Makonde. Alirudi Ujerumani na vinyago, vyombo vya nyumbani, picha, filamu, na nyimbo alizozinasa kwenye mitungi ya nta. Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba aliwapa wenyeji penseli na karatasi, akawaomba wachore. Walichora watu, wanyama, ngoma na misafara. Baadhi ya michoro hiyo aliichapisha katika kitabu chake cha safari pamoja na majina ya waliochora, akiwemo Barnabas wa Lindi.

Naomba tulitazame jambo hili kwa pande zake mbili. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimeanza Julai 1905, na kusini yote ilikuwa bado na majeraha. Weule alitembea akiwa na askari wa serikali ya kikoloni. Mtu anayetakiwa kuuza kinyago cha ukoo wake huku askari amesimama mlangoni, mwaka mmoja baada ya vijiji kuchomwa, hawezi kusemwa kwamba ameuza kwa hiari kamili. Huo ni upande wa kwanza, na haufutiki kwa sababu ya uzuri wa vitu vilivyohifadhiwa. Upande wa pili ni kwamba jina la Barnabas liliandikwa. Kwa sababu hiyo leo, zaidi ya miaka 100 baadaye, tunaweza kusimama Mtwara tukamtaja mchoraji wa kusini aliyeshika penseli mwaka 1906. Wachongaji wa vinyago vya zama zile, ambao kazi zao zimejaa makumbusho ya Ulaya, wengi hatuwezi kuwataja. Kazi zao zilipewa namba na jina la kabila tu.

Ng'ambo ya Ruvuma hali haikuwa tofauti sana. Kuanzia mwaka 1957 Mreno Jorge Dias na mkewe Margot walifanya utafiti kwenye uwanda wa Mueda, wakaandika mfululizo mkubwa wa vitabu kuhusu Wamakonde wa Msumbiji. Mwaka 1959 vitu walivyokusanya vilionyeshwa Lisbon, na wakazi wa mji ule walivistaajabia. Tarehe 16 Juni 1960, huko huko Mueda, askari wa Kireno waliwafyatulia risasi watu waliokusanyika kudai haki zao. Onyesho linaweza kusifu mikono ya watu ambao serikali yenye onyesho hilo inawanyima sauti. Sisi tukianza kukusanya, heshima kwa kazi iende pamoja na heshima kwa aliyeifanya: alipwe haki yake, aulizwe, na jina lake liandikwe.

Hoja ya pili: sanaa hii ni ya kisasa, ina tarehe na ina watu

Mara nyingi mgeni akiulizia vinyago vya Kimakonde huambiwa kwamba ni mambo ya kale, ya mababu. Vinyago vya kuvaa vya mapiko na vya unyago ni vya zamani kweli. Lakini ile michongo ya mpingo inayojulikana duniani, yaani shetani, mti wa ujamaa na mawingu, ilizaliwa katika karne ya 20, katika mazingira tunayoyafahamu, na wazee wengine waliomo humu waliishi na waasisi wake.

Kazi za shuruti na kodi za Wareno ziliwasukuma Wamakonde wengi wa Mueda kuvuka Ruvuma na kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika. Wengine walifika hadi pembezoni mwa Dar es Salaam, wakachonga na kuuza. Katika miaka ya 1950 mfanyabiashara Mohamed Peera alianza kununua kazi zao na kuwahimiza wachonge kwa kufuata mawazo yao wenyewe. Hapo ndipo Samaki Likankoa alipokuja na mtindo wa shetani, maumbo yasiyofuata mwili wa binadamu. Roberto Yakobo Sangwani anatajwa kuwa mwanzilishi wa dimongo, yaani watu waliobebana na kushikamana katika gogo moja. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, mtindo huo ukajulikana nchi nzima kama ujamaa. Clementi Ngala naye anatajwa kwa mawingu, michongo myembamba inayopinda na kuacha nafasi wazi.

Mnaona, ndugu zangu, kwamba nimetaja wachongaji watatu na mitindo mitatu. Huo ndio mwanzo wa historia ya sanaa. Anayeandika kwenye kibandiko "kinyago cha Kimakonde" akaishia hapo, ameiondoa kazi hiyo katika historia.

Tuje kwenye michoro. Mwaka 1972 Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll alianzisha Nyumba ya Sanaa jijini Dar es Salaam. Mtu mmoja wa kusini mwenye asili ya Kimakonde, George Lilanga, aliyezaliwa mwaka 1934, alifika huko kupitia mjomba wake, mchongaji Augustino Malaba. Lilanga alikuwa amejifunza kuchonga. Pale alianza kuchora juu ya ngozi ya mbuzi, kisha kwenye karatasi na mbao, na mashetani aliowajua kwenye mpingo wakapata rangi: wenye masikio makubwa na matumbo ya duara, wakicheza, wakisogoa, wakibeba mizigo, wakienda hospitali. Lilanga alifariki mwaka 2005. Kazi zake zilikuwemo katika onyesho kubwa la Africa Remix lililoanza Düsseldorf mwaka 2004, likapita London, Paris na Tokyo. Kabla yake, mwaka 1989, mchongaji John Fundi, mzaliwa wa upande wa Msumbiji aliyefanya kazi Tanzania, alikuwa miongoni mwa wasanii walioalikwa Paris katika onyesho la Magiciens de la Terre. Huko Japani, katika mji wa Ise, lipo jumba zima la makumbusho ya sanaa ya Wamakonde.

Mwanafunzi wa Mtwara anayetaka kuona kwa pamoja historia hii niliyoisimulia kwa dakika kumi, atahitaji pasipoti. Hilo linaniuma, na nadhani linawauma ninyi pia.

Hoja ya tatu: kupata kitu kihalali ni kukiandikia kumbukumbu

Katika makumbusho, siku ya kununua si mwisho wa shughuli. Wakulima wa korosho mliopo hapa mnaufahamu mfumo wa stakabadhi ghalani tangu ulipoanza mkoani kwetu mwaka 2007. Gunia likifika ghalani linapimwa, linapangiwa daraja, linaandikwa jina la mkulima, na mkulima anaondoka na karatasi. Yakizuka mabishano, karatasi ndiyo inayosema. Kazi ya sanaa inastahili angalau uangalifu ule tunaoupa gunia la korosho.

Daftari la mkusanyo liwe na nini? Jina la msanii na mwaka wake wa kuzaliwa. Mahali alipozaliwa na mahali alipochongea au kuchorea kazi hiyo. Mwaka wa kazi. Aina ya mti, ngozi au karatasi, na vipimo. Jinsi kazi ilivyopatikana, nani aliiuza au kuitoa, kwa bei gani. Maneno ya msanii mwenyewe kuhusu kazi yake, yaandikwe kama alivyoyasema, kwa Kiswahili au Kimakonde. Na picha: mbele, nyuma na pembeni, zikiwa na namba ya usajili.

Nimesisitiza mahali mara mbili kwa sababu ya mto wetu. Mwaka 1886 Wajerumani na Wareno walikubaliana Ruvuma iwe mpaka. Hata hivyo mdomoni mwa mto waliendelea kugombana: Wajerumani waliitwaa Kionga mwaka 1894, Wareno wakaichukua tena mwaka 1916. Mpaka ulichorwa juu ya watu waliokuwa na jamaa kote kuwili, na hadi leo mtu wa Msimbati au Kilambo anaweza kuwa na shangazi Palma. Mchongaji aliyezaliwa Mueda, akachongea Mtwara na kuuzia Dar es Salaam, aandikwe ni wa wapi? Paandikwe pote patatu. Makumbusho yanayochagua nchi moja na kuficha nyingine yanadanganya kuhusu maisha yake.

Sasa nieleze kisa kinachoonyesha gharama ya mali kukosa ulinzi. Mwaka 1984 vitu kadhaa viliibwa kutoka Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, kikiwemo kinyago cha kuvaa cha Kimakonde. Mwaka uliofuata kinyago hicho kilinunuliwa na makumbusho binafsi ya Barbier-Mueller ya Geneva. Mwaka 1990 mtaalamu Mwitaliano Enrico Castelli alikitambua. Mazungumzo yakaendelea kwa miaka, yakipitia UNESCO na Baraza la Kimataifa la Makumbusho, hadi tarehe 10 Mei 2010, mjini Paris, yalipotiwa saini makubaliano ya kukirudisha Tanzania. Hesabuni: miaka 26 tangu kuibwa, 20 tangu kutambuliwa.

Kwa nini ilichukua muda mrefu hivyo? Tanzania ilijiunga na Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 dhidi ya biashara haramu ya mali za utamaduni mwaka 1977. Uswisi ilijiunga mwaka 2003. Kinyago kilipovuka mpaka, nchi kilikoingia haikuwa imefungwa na sheria iliyotufunga sisi, kwa hiyo safari ya kurudi ilitegemea subira na maelewano. Funzo kwetu ni hili: ulinzi wa uhakika upo kabla ya wizi, na ulinzi huo ni kumbukumbu kamili zilizotunzwa sehemu zaidi ya moja. Daftari likae ofisini, nakala ikae chuo kikuu, picha zikae mahali pa tatu.

Kuna vitu pia ambavyo hatupaswi kuvitafuta hata kama tuna fedha. Baadhi ya vinyago vya jando na unyago vina wenyewe, vina muda wake wa kuonekana na watu wanaoruhusiwa kuviona. Wazee wakisema kitu fulani si cha kuwekwa kwenye kabati la kioo, daftari liandike kwamba tuliambiwa hivyo, na tukiache kwa wenyewe.

Hoja ya nne: onyesho ni kazi ya maarifa

Mtu anaweza kukusanya vizuri akaonyesha vibaya. Mti wa ujamaa umechongwa ili uuzunguke: ukitazama mbele unamwona mama na mtoto, ukienda nyuma unamkuta mzee, ukiinama unamwona aliyebeba wote. Ukiuegemeza ukutani umeificha nusu ya watu waliomo. Uwekwe katikati ya chumba, juu ya jukwaa imara, na njia ya kuuzunguka. Mpingo unameza mwanga; taa ya juu peke yake inaufanya uwe kivuli kimoja cheusi. Mwanga wa pembeni, kutoka upande mmoja, ndio unaoonyesha alama za patasi na mikunjo ya ngozi. Mawingu na shetani yanahitaji ukuta mtupu wa rangi nyepesi nyuma yake, kwa kuwa zile nafasi zilizo wazi ni sehemu ya umbo.

Michoro ni dhaifu zaidi. Karatasi na rangi huharibiwa na mwanga, na makumbusho mengi huweka kiwango cha laksi 50 kwa kazi za karatasi, tena huzipumzisha gizani baada ya miezi michache ya maonyesho. Hapa kwetu tuna jua kali na upepo wa bahari wenye chumvi na unyevu. Karatasi inapata ukungu, ngozi ya mbuzi inakunjamana. Kwa hiyo michoro ya Lilanga na wenzake isitundikwe mkabala na dirisha, na isibandikwe kwa gundi kwenye kadibodi ya kawaida, ambayo huipa karatasi madoa ya kahawia.

Mpingo nao una tabia zake. Ni mzito kiasi cha kuzama majini, lakini ukitolewa kwenye hewa yenye unyevu ukaingizwa ghafla kwenye chumba cha kiyoyozi hupasuka. Sehemu nyeupe ya nje hupendwa na wadudu. Kiini cheusi huvumilia. Wachongaji wanajua pia kwamba kuna kazi sokoni zilizopakwa rangi ya viatu ili mti mwingine uonekane mpingo. Mhifadhi aijue tofauti hiyo, aiandike bila kumdhalilisha mtu, kwani nayo ni sehemu ya historia ya soko hili.

Na maelezo yaandikwe kwa Kiswahili kwanza, Kimakonde panapowezekana, lugha za wageni baadaye. Mtoto wa darasa la nne kutoka Nanyamba aweze kusoma kibandiko bila mkalimani.

Msiniambie kwamba Mtwara haina uzoefu wa kuishi na sanaa kubwa. Nendeni Kanisa la Mtakatifu Paulo, Majengo: kuta zimefunikwa kwa michoro ya Padre Polycarp Uehlein, Mbenediktini, na waumini wamekua wakiitazama kila Jumapili. Nendeni Mikindani mwone Boma lililojengwa mwaka 1895, lililokuwa magofu na likakarabatiwa. Macho tunayo, na majengo ya kuhifadhi tunaweza kuyafufua.

Hoja ya tano: mkusanyo wa kisasa unahitaji wasanii walio hai na miti iliyosimama

Wachongaji wengi wa asili ya kusini wako Mwenge, Dar es Salaam, kwa sababu wateja wako kule. Mchongaji anayeuza kwa mtalii hulazimika kuchonga kinachoingia kwenye sanduku la ndege. Makumbusho yakinunua hata kazi chache kila mwaka, kwa bei ya haki, yanampa mchongaji ruhusa ya kuchonga kile ambacho soko la watalii haliwezi kukilipia: gogo refu, wazo gumu, kazi ya miezi. Hivyo mkusanyo hauhifadhi sanaa ya jana tu. Unaisaidia ya kesho izaliwe.

Mpingo nao unakua polepole, kwa miongo mingi. Tangu Januari 2017 jamii nzima ya miti ya Dalbergia, mpingo ukiwemo, iko chini ya udhibiti wa mkataba wa CITES wa biashara ya kimataifa. Jirani zetu wa Kilwa wameonyesha njia: mwaka 2009 misitu ya vijiji ilipata cheti cha kimataifa cha usimamizi bora, na vijiji vikaanza kuuza mpingo kwa mpango na kwa faida yao. Daftari letu liandike pia gogo lilitoka msitu gani. Miaka 50 ijayo mtu atakayetaka kujua misitu ya Mtwara ilikuwa na nini, atauliza vinyago.

Tunakoelekea

Ndugu Mwenyekiti, nahitimisha kwa mapendekezo, ili tusiondoke hapa na hotuba peke yake.

La kwanza, walimu wa historia na wa sanaa wa sekondari waanze msimu huu. Kila shule iwe na daftari moja, wanafunzi waende kwa wachongaji na wachoraji wa kata yao, waandike yale niliyoyataja na kupiga picha. Hakuna kitu kinachonunuliwa katika hatua hii. Kinachokusanywa ni majina na masimulizi ya watu walio hai, kwa idhini yao.

La pili, manispaa na halmashauri zitenge chumba kimoja kikavu, chenye kufuli na msimamizi aliyefunzwa, na Makumbusho ya Taifa yaombwe kutoa mafunzo hayo. Kazi ya kwanza inunuliwe hadharani, mchongaji akiwepo, bei ikisomwa kwa sauti.

La tatu, tuandikie Leipzig na Lisbon tuombe nakala za michoro, picha na sauti zilizochukuliwa kwenye nchi hii. Kuomba nakala hakufuti madai ya vitu vyenyewe. Kunatuwezesha kuyajadili tukiwa na ushahidi mkononi. Na tuwaalike wenzetu wa Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, wakati amani itakaporuhusu, onyesho la kwanza liwe la pande zote mbili za mto.

Vijana mliokaa nyuma, kazi hii ni yenu kuliko yetu. Mkusanyo unaoanza leo utapata thamani yake kamili mikononi mwenu mkiwa wazee, na mtakachoulizwa wakati huo ni kama mliandika. Wachongaji kadhaa wapo ndani ya ukumbi huu. Baada ya maswali, msiondoke kabla ya kuwauliza majina yao, walipozaliwa, na nani aliwafundisha kushika tezo. Andikeni majibu, kisha wasomeeni walichowaambia ili wahakikishe mmekiandika sawasawa.

 Nakaribisha maswali na masahihisho.